Mkono wa Manase na Bomba la Nta

Jumamosi tarehe 3 Agosti 2019, Ernesta Mbwambo wa Kihurio alifunga ndoa na Aminieli Msuya katika kanisa la Kilutheri huko Kighare, Ugweno, kwenye milima ya Pare Kaskazini, na tangu siku hiyo hajawahi kumshika mkono baba mkwe wake.

Hakuna ugomvi. Ni desturi ya nyumba ile. Mke wa mtoto na baba wa mume hawagusani hata ncha za vidole. Salamu hutolewa kwa mbali kidogo, na kitu kinachotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hupitia kwenye kigoda cha barazani: anayetoa anakiweka, anarudi nyuma, na anayepokea anasogea kukichukua. Kikombe cha chai, kopo la mafuta, simu inayotakiwa kuchajiwa, vyote vimepita pale. Kwao Kihurio watu hupeana mikono wakiwa ndani ya majaruba ya mpunga, tope likiwa limewafika viwikoni, kwa hiyo mwanzoni Ernesta alikiona kigoda kile kama ukuta. Siku hizi anakiona kama kivuko. Kila ng'ambo ina mtu wake, na vitu vinavuka.

Kazi yake ni kutengeneza vyombo vya mkononi vya kutolea vitu vizito: gundi, grisi, dawa, asali, chochote kinachonata na kinachotakiwa kukaa mahali pake bila kuchafua pengine. Alianzia kwenye karakana moja ya madirisha ya alumini mjini Same, akiziba kingo za vioo kwa silikoni. Wenzake walibonyeza, wakapitisha kidole, wakafuta kilichozidi, wakaenda kwenye dirisha jingine. Ernesta alichelewa kila mara kwa sababu alikuwa akiangalia inavyotoka. Ilitoka kama kitu kinachoamka. Aliona kwamba kila kitu kizito kina subira yake: asali ina ya kwake, grisi ina ya kwake, uji wa ulezi una ya kwake, na ukikiharakisha kinakuaibisha. Mchana wa joto kali, akisinzia kwenye stuli, alikuwa akiota mto mzito wa rangi ya chai ukishuka kutoka milimani na kupita katikati ya mji taratibu, watu wakiinua miguu kuupisha na kuendelea na maongezi yao.

Baadaye alifungua kibanda chake mwenyewe hapo hapo Same, anakoishi na Aminieli. Alimtengenezea fundi viatu wa jirani chupa yenye mdomo bapa, inayolaza gundi ukingoni mwa soli na siyo kwenye vidole vyake. Wafugaji wa Kimaasai wanaokuja mnadani aliwatengenezea kichupa cha dawa ya kupe kinachoacha tone moja zito ndani ya sikio la ng'ombe, hata kama ng'ombe anatikisa kichwa. Vitu vidogo. Aliyevitumia mara moja alirudi na rafiki yake.

Baba mkwe wake, Mzee Manase, ana mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba, pale migomba inapoishia na msitu unapoanzia. Kila mzinga ni sanduku refu la mbao, na juu yake hupangwa vibao vyembamba, kimoja kando ya kingine. Nyuki hujenga masega yakining'inia kutoka kwenye vibao hivyo, lakini hawajui waelekee wapi mpaka waonyeshwe. Kwa hiyo mfugaji huchora mstari wa nta katikati ya kila kibao, kutoka mwanzo hadi mwisho, nao wanaufuata kama mwashi anavyofuata kamba. Mstari ukinyooka, sega linanyooka, na siku ya kuvuna kila kibao kinainuka peke yake. Mstari ukipinda, sega linavuka kwenda kwa jirani, na kuinua kibao kimoja ni kupasua nyumba nzima.

Nta ya Manase ni nzito kuliko ya wengine. Huichanganya na gundi ya nyuki anayoikwangua kwenye kuta za mizinga mikuukuu, ikawa kama uji uliosahauliwa jikoni, ikinukia msitu. Aliichora kwa ncha ya kijiko alichokinoa mwenyewe ujanani, na mstari wake ulijulikana mpaka vijiji vya jirani. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Vidonge vya hospitali vilipunguza, havikuondoa. Msimu uliopita alichora hivyo hivyo, na nyuki wakajenga walivyoelekezwa: upogo. Siku ya kuvuna masega yalipasuka, asali na watoto wa nyuki vikamwagikia ndani, malkia akapotelea humo, na kundi likahama. Manase alishinda barazani na kofia yake ya wavu kichwani, hakuivua hata alipoletewa chakula.

Dada yake, Dorkasi, ambaye Ernesta humwita shangazi kama mumewe anavyomwita, anaishi nyumba ya pili. Alijitolea kumchorea.

"Hapana," Manase alisema. "Mzinga ambao hukuuchorea mstari si wako. Unakuwa mgeni wake."

"Basi Aminieli aje achore."

"Aminieli anaogopa hata nzi."

Mwishowe alikata shauri, akalitamka mbele ya wote siku ya Krismasi. Mvua za vuli zinazokuja zikimkuta hawezi kuchora, mizinga ichukuliwe na anayeitaka, naye ashuke Same akakae kwa mwanawe. Aminieli, anayeuza mipira ya umwagiliaji mjini, alikuwa ameshaandaa chumba. Alikipaka rangi, akaweka kitanda, akanunua na feni.

"Feni?" Dorkasi aliuliza. "Huyu Aminieli aliyekuwa anazima koroboi kabla watu hawajamaliza kula? Kaka, nenda ukaitazame hiyo feni kabla hajairudisha dukani."

Watu walicheka. Ernesta hakucheka sana. Alikuwa amemwona Manase mjini mara moja, alipokuja kupimwa. Mzee alikaa dirishani tangu asubuhi. Dirisha linatazama milima, lakini kutoka Same milima inayoonekana ni ya Pare Kusini. Ernesta alipomwekea chai juu ya meza na kurudi nyuma, mzee alisema bila kugeuka, "Milima mizuri hii, mkwe. Siijui hata mmoja."

Bomba la kwanza la kumsaidia mzee kuchora mstari wa nta Ernesta alilitengeneza Februari, mwezi ambao Same bati la kibanda hulia kwa joto na nta hulainika yenyewe ikiwa kivulini. Lilikuwa na mwili wa alumini, mpini wa mbao, kifyatulio cha chuma na mdomo mwembamba aliouchonga kwa siku nyingi. Aliyeyusha nta, akatia gundi ya nyuki kwa kipimo cha mzee, akabonyeza. Mstari ukatoka mwembamba na kamili, ukalala juu ya ubao kama uzi. Alichora mbao zote zilizokuwa kibandani, kisha akachora ukingo wa meza. Siku zile alitembea mjini akiwa na furaha ya mtu aliyeota vizuri na bado hajasimulia.

Nafasi ya kupanda Kighare ilipatikana Juni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na watu wakizungumza ndani yake walionekana kama wanazungumza kutoka mwaka mwingine. Aliliweka bomba kwenye kigoda, akarudi nyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe. Ndilo hili?"

"Ndilo."

Manase alilichukua kwa mkono wa kulia, akaushika mkono huo kwa wa kushoto ili utulie, akabonyeza. Hakikutoka kitu. Nta ilikuwa imeganda mdomoni. Ernesta hakuwa amefikiria baridi hata kidogo. Alikuwa ametengeneza kifaa cha mlimani akiwa amekaa tambarare, akiitegemea hali ya hewa ya Same kama mtu anayeutegemea mshahara wa mwenzake. Walilipasha bomba moto jikoni. Safari hii nta ikatoka, lakini kila kidole kilipotikisika juu ya kifyatulio ilitoka kwa mkupuo, tone hapa, bonge pale, pengine patupu.

Dorkasi aliinama akakitazama kibao. "Mie nilidhani kuku wamelala hapa."

Kaka yake alimjibu kwa Kigweno. Ernesta, ambaye lugha yake ni Chasu, hakuelewa neno, lakini aliuelewa upole wa sauti, nao ulimuumiza kuliko kicheko. Manase alilirudisha bomba kwenye kigoda kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

"Kazi nzuri, mkwe. Mdomo wake mzuri. Kile chumba kina pazia?"

"Lipo, baba."

"Basi vizuri."

Mtu mwingine angemshika mzee mkono, angeuhisi unavyokwenda, unaanzia wapi, unazidi wakati gani. Ernesta hakuweza. Alisimama ng'ambo ya kigoda akiutazama ukitetemeka juu ya goti, na mara mzee alipoona unatazamwa aliuficha ndani ya koti. Ndipo alipoingia jikoni, akachukua bonge la nta lililopoa nusu, laini kama ugali, akaja akaliweka pale kwenye kigoda.

"Baba, naomba ulifinye hilo. Kama unashika kijiko chako. Halafu uliache."

"Nilifinye tu?"

"Tu."

Manase alilifinya. Alifumba macho wakati anafinya. Aliporudisha bonge, Ernesta alilifunika haraka, na kesho yake hotipoti iliyopanda na makande ilishuka Same ikiwa na maji baridi ya kisimani na bonge lenye alama ya mkono wa mkwewe.

Liliwekwa kibandani ndani ya beseni la maji, kwa sababu nje ya maji lingelainika na kupotea. Wiki nyingi alilitazama bila kuona zaidi ya vidole. Akatengeneza kifyatulio kigumu zaidi, kisha cha springi, kisha cha gumba, akaviacha vyote. Kila kimoja kilikuwa njia ya kuulazimisha mkono utulie. Ndoto za mto wa rangi ya chai zilirudi, lakini sasa mto ulisimama katikati ya mji, umeganda, na watu waliokuwa wameinua miguu hawakujua waiteremshe wapi.

Siku moja saa za mchana alikuwa kwa Salha, muuza chipsi wa mtaa ule, akiibinya chupa ya tomato. Aliibinya, ikakohoa hewa. Akaibinya tena, ikamrukia mkononi.

"Lete hapa, we fundi gani," Salha alisema. "Tomato haikamuliwi kama ng'ombe. Inatikiswa." Akaipindua chupa, akaitikisa kwa mitikisiko midogo ya haraka, na tomato ikashuka juu ya chipsi kwa mstari mmoja usiokatika. "Umeona? Na wewe ndiyo kazi yako hii."

"Tikisa tena," Ernesta alisema.

"Utalipia?"

"Tikisa tu, Salha."

Aliondoka bila kula. Kibandani alilitoa bonge kwenye maji, akaliinamisha kwenye mwanga wa mlango. Ndani ya kila shimo la kidole kulikuwa na vijimistari, vingi, vyembamba, vimelala sambamba kwa nafasi zinazolingana, kama viwimbi vya upepo kwenye jaruba lililojaa maji. Mkono ule haukuwa ukienda ovyo. Ulikuwa na mwendo wake, na mwendo huo ulikuwa ule ule kutoka kidole hadi kidole. Miezi yote alikuwa akipigana na kitu ambacho nta ingekipenda.

Bomba la pili halina kifyatulio. Mwili wake ni mikebe miwili, mmoja ndani ya mwingine, na katikati humiminwa maji ya moto ili nta isigande kwenye baridi ya mlimani. Ndani ya mdomo umesimama msumari mwembamba wenye uzito wa madini ya risasi juu yake. Mkono ukitulia, uzito unaukalisha msumari na tundu linaziba. Ukitikisika, msumari unaruka kidogo sana, nta inapita kidogo sana, unakaa, unaruka tena. Chini kuna masikio mawili ya bati yanayopanda ubao kama mtu aliyepanda punda, mguu huku na mguu huku, ili mdomo usitoke katikati. Mpini aliuchonga kwa kufuata bonge, shimo kwa shimo.

Aminieli alilijaribu jioni, kabla ya chakula. Alilivuta juu ya ubao mara kadhaa.

"Hili limegoma."

"Halijagoma. Halikujui."

Akalitikisa kwa nguvu. Likamwaga bonge la nta kwenye suruali yake, naye akasema kwamba kwa upande wake chumba kile cha feni angekihamia yeye mwenyewe.

Ernesta alipanda Kighare mwishoni mwa Septemba. Wingu lilikuwa limekaa juu ya msitu, halijaamua. Vibao vilikuwa vimekwanguliwa na kupangwa barazani, kazi ambayo Manase aliifanya ingawa hakuna aliyemwomba, na Dorkasi alikuwa amekaa kando yake akimenya viazi, macho yakiwa kila mahali isipokuwa kwenye viazi. Alikuwa wa kwanza kulitwaa bomba kutoka kwenye kigoda. Alilivuta juu ya kibao taratibu. Likatoa chozi moja.

"Limeninyima," alisema. "Bomba la Kipare kweli hili. Bahili."

"Mpe baba, shangazi."

Manase alilipokea kwa dada yake. Aliupandisha mdomo juu ya kibao, masikio yakakaa pande zote mbili. Kisha, kwa mazoea, mkono wa kushoto ukaja ukaushika wa kulia kwenye kifundo, ukaubana. Akavuta. Kibao kilibaki kikavu hadi mwisho.

Alianza kuligeuza bomba kuelekea kwenye kigoda.

Ernesta alikuwa ameifikiria saa hii njia nzima, kwenye gari hadi Mwanga na kwenye pikipiki iliyompandisha mlima, na bado maneno yalimtoka kwa shida. Si neno la kumwambia baba mkwe.

"Baba, samahani. Uachie."

"Niachie nini?"

"Mkono. Uachie utetemeke."

Kisu cha Dorkasi kilisimama juu ya kiazi. Miaka miwili mkono ule ulikuwa umeishi ndani ya koti, chini ya meza, nyuma ya kitabu cha nyimbo kanisani. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amewahi kuutaja kwa jina mbele ya mwenyewe. Manase alimtazama mkwewe moja kwa moja, jambo ambalo nalo si la kawaida kati yao, na Ernesta aliinamisha macho kwenye kigoda lakini hakurudisha neno lake.

"Ndivyo lilivyotengenezwa, baba. Likitulia linafunga."

Wingu lilishuka kidogo, likagusa paa, likaingia barazani. Halafu mkono wa kushoto ukafunguka, kidole kimoja kimoja, ukateremka ukalala juu ya goti. Wa kulia ukabaki peke yake, ukaanza. Ndani ya bomba kikasikika kisauti chembamba, msumari ukigonga bati, haraka na sawasawa, kama mvua ya kwanza kwenye jani la mgomba. Nta ikatoka.

Ilitoka nyembamba na nzito, rangi ya chai, ikafuata bomba kama iliyokuwa ikilisubiri. Manase hakuwa akiisukuma wala kuizuia. Alikuwa akivuta tu, naye alionekana yuko mbali, ndani ya ukungu wake mwenyewe. Kibao kilipokwisha aliinua bomba, mkono ukatulia kidogo, nta ikakatika. Akakitazama kibao. Pembeni mwa mstari palikuwa na vijiwimbi vidogo, lakini katikati hapakuwa na mahali palipoachwa.

"Una mawimbi," alisema.

"Nyuki hawatajali, baba."

"Mimi ndiye ninayejali." Akapandisha bomba kwenye kibao cha pili. "Lete maji ya moto, Dorkasi. Haya yanapoa."

"Mimi namenya viazi."

"Viazi gani, tangu asubuhi kimoja."

Walizungumza tena kwa Kigweno, haraka, wote wawili kwa pamoja, na safari hii Ernesta hakuhitaji kuelewa. Alikwenda mwenyewe jikoni. Aliporudi na birika, kile kibao cha kwanza kilikuwa kimelazwa kwenye kigoda, mstari ukiangalia juu, na Manase alikuwa amegeukia vibao vingine akiwa amempa mgongo. Ernesta aliweka birika chini, akakichukua. Nta bado ilikuwa na joto. Alipitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho, akayahisi mawimbi yote.

Vibao vitarudishwa mizingani wiki ijayo, kabla ya mvua za vuli. Manase anabaki Kighare. Ernesta atakigeuza chumba kile kuwa stoo ya kibanda chake, na feni Aminieli atairudisha dukani.